Koti Lililopimwa kutoka Juu

Rachael Khalayi alikuwa fundi wa cherehani, na miaka ya mwisho ya kazi yake alikuwa akipima watu kutoka ghorofa ya nne. Usicheke kwanza. Mteja alisimama uani, karibu na kibanda cha mboga cha Priscah, akainua uso. Rachael aliinama kwenye ukingo wa balkoni, akamwamuru anyooshe mikono, ageuke, ageuke tena, kisha akasema, "Haya, weka kitambaa kwa kikapu." Kikapu kilishuka kwa kamba, kikapanda na kitambaa, na baada ya siku kadhaa kikashuka na sare ya shule au gauni la kanisani. Wako watu pale mtaani kwake, Amalemba, wanaoapa mpaka leo kwamba hawajawahi kuvaa nguo iliyowakaa kama hizo. Wako na wengine ambao ukiwauliza hawasemi kitu, na wengi wao ni watu warefu.

Hakuanzia balkoni lakini. Alizaliwa Chekalini, kwa watu wa mahindi, akakulia kwenye magunia na vumbi la kupura. Aliolewa Shianda na Barnaba, kijana aliyeendesha trekta la kubeba miwa, mpole, mwenye sauti nzito ya kwaya. Miwa ilipoacha kulipa, wawili hao walikuja mjini Kakamega kutafuta. Wakapata nyumba juu kabisa ya jengo, maana nyumba za juu ndizo zenye kodi nafuu na kila mtu anajua sababu: maji hayafiki, na lifti hakuna. Barnaba alisema ni ya muda tu. Huo muda ndio uliomlea binti yao Beverlyne, ukamsomesha, ukamwoza, na bado wao walikuwa juu kule kule.

Barnaba alifia humo. Asubuhi moja hakuamka, basi. Shida ikawa namna ya kumtoa, kwa sababu ngazi za jengo lile ni nyembamba na kila zinapogeuka zinabana. Machela ilikataa kupita. Wanaume wanne wa jengo wakamfunga katika blanketi lake la kitandani, wakashika pembe, wakaanza kumshusha, na Rachael akawafuata nyuma. Akawasikia wakisemezana, "Inua huko! Shusha huku! Zungusha, zungusha!" maneno yale yale wanayosema watu wakishusha kabati. Walipofika ghorofa ya pili walichoka, wakamlaza chini, mbele ya mlango wa jirani aliyekuwa akikaanga vitunguu, wakasimama wakijifuta jasho. Hawakuwa wabaya, watu hao. Walikuwa wamechoka tu. Lakini Rachael alisimama pale akinusa vitunguu na mumewe akiwa sakafuni, akasema kwa sauti, bila kumwambia yeyote, "Mimi nitatoka hapa na miguu yangu."

Baadaye aliwaambia wote. Alimwambia Beverlyne, akamwambia Priscah, akamwambia na pasta aliyekuja kumfariji, na pasta akaitikia amina akidhani ni maombi.

Magoti yalikuwa na mpango wao. Yalianza kwa kuuma wakati wa mvua, yakafuatia kuvimba, yakamalizia kwa kukataa kukunjwa. Kwanza Rachael alishuka Jumapili peke yake. Halafu akawa anashuka kwenye matanga na harusi. Halafu akanunua kamba ndefu ya manila, akafunga ncha moja kwenye chuma cha balkoni na nyingine kwenye kikapu, na hapo ndipo dunia ikaanza kumjia kwa kikapu. Sukuma wiki ilipanda, maziwa yakapanda, dawa ya magoti ikapanda. Alikuwa akiona utosi wa kila mtu aliyeingia uani, na kwa utosi huo alimjua.

Utosi mmoja aliujua kwa kofia tu. Ulikuwa wa mkwe wake, Kipruto.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanaona haya ni mambo ya zamani. Kwa watu wa Rachael, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawaketi meza moja, hawatazamani usoni, na mkwe hakanyagi chumba cha kulala cha mama mkwe. Si chuki, ni heshima. Siku ya mahari wajomba walimvuta Kipruto kando, wakamweleza, wakicheka kidogo, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakilegezanga mambo hayo nyumbani kwao. Kipruto hakucheka. Alikuwa mgeni katika ukoo, Mkalenjin wa kutoka upande wa Turbo, na mgeni akipewa sheria huishika mpaka inalia. Tangu siku hiyo hakuwahi kupanda zile ngazi hata mara moja. Alikuja na gari lake kuukuu, akasimama uani, akashusha ukingo wa kofia, akatazama viatu vyake na kupaza sauti.

"Mama, hujambo huko juu?"

"Sijambo, baba. Mitchel hajambo?"

Mitchel ndiye mjukuu. Wakiisha kumzungumzia Mitchel na mvua na bei ya mbolea, Kipruto alijaza kikapu: unga, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, na siku njema ingokho, kuku mzima aliyefungwa miguu, ambaye mara moja alifunguka njiani akarukia balkoni ya ghorofa ya tatu na kuleta kesi. Rachael alivuta, Kipruto akasikiliza kamba ikikwaruza ukingo, na kilipofika alisema, "Haya, mama," akaenda zake.

Ni yeye Rachael aliyeamua kumshonea koti. Alitaka kumshukuru, na asante ya fundi ni nguo. Alimwambia anyooshe mikono pale uani, akamkadiria kwa jicho kama alivyokadiria Amalemba nzima, akashona koti la kijivu lenye bitana, likashuka kwa kikapu. Beverlyne aliporudi kumwona mama yake alisema tu, "Amelipenda sana." Na kweli, kila Kipruto alipokuja alikuwa amelivaa. Kutoka juu lilionekana limekaa barabara, hasa mabegani. Rachael alikuwa akiliangalia koti hilo kwa majivuno ambayo hakuyaficha.

Sasa nyumba aliyokuwa akijengewa kule Shianda ikakamilika. Vyumba viwili na veranda, bila hata kidato kimoja, kando ya kaburi la Barnaba. Siku ya kuhama ikapangwa: Lusweti, dereva wa kukodiwa, angekuja na kanta yake, lori dogo la mizigo, na vijana wa kubeba, Beverlyne angempakia mama yake shuka na sufuria, halafu, mizigo ikishaondoka, angemshika mkono na kumteremsha polepole mpaka kwenye gari la Kipruto. Mpango mzuri. Ungefaulu mahali ambapo hakuna mvua.

Kakamega mvua haikosi mchana. Kufikia saa sita wingu lilikuwa limekaa juu ya jengo kama sufuria nyeusi, na Lusweti akaanza kupiga honi. "Mama Mitchel, hii barabara ya Shianda ikinyeshewa mimi siingii! Godoro litakuwa uji!" Vijana wakaanza kushuka mbio na kila walichokiona. Walishusha kitanda, cherehani, viti vyote pamoja na kile alichokuwa amekikalia Rachael, ambaye walimwomba kwa adabu ainuke kidogo. Fimbo za mapazia, fagio na mwiko wa ugali walivifunga furushi moja kwa mpira wa baiskeli, wakavitupa juu ya godoro. Katika furushi hilo ulikuwemo mkongojo wa Rachael. Kijana aliona ni fimbo, akaifunga na fimbo wenzake. Ungemlaumu vipi?

Lusweti akasema anahitaji mwenye mali mbele ili amwonyeshe boma na kufunika vitu. Beverlyne akatazama wingu, akatazama juu, akamwita Priscah. "Shangazi, nishushie mama. Kipruto yuko hapa na gari, atawangoja." Priscah akasema hakuna shida. Kanta ikaondoka.

Priscah ni mwanamke mwema, na mzito. Alipofika juu aliketi sakafuni katika sebule tupu na hakuweza kusema mpaka pumzi ilipomrudia.

"Rachael," akasema, "mimi mwenyewe nimefika hapa kwa neema. Nikushike wewe, tutashuka sote kama magunia. Uko wapi mkongojo?"

Walitafuta. Nyumba tupu haina pa kuficha kitu, kwa hiyo hawakutafuta sana.

"Nitaita vijana wa bodaboda pale stejini," Priscah akasema. "Wanne tu. Blanketi ninalo kwangu chini. Tutakuweka katikati, utajiona uko..."

"Priscah."

"Nini?"

"Hukuwepo siku ya Barnaba?"

Priscah alikuwepo. Alifutafuta vumbi kwenye leso yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo zaidi, "Basi utalala hapa na nani? Mpangaji mpya anahamia kesho."

Rachael alikuwa ameegemea ukuta, mkono kwenye kizingiti cha dirisha. Aliogopa, na hakuna haja ya kulipamba neno hilo. Aliziogopa zile ngazi kuliko alivyowahi kuogopa kitu. Zilikuwa na chuma cha kushikia kutoka juu mpaka ghorofa ya tatu tu. Kuanzia hapo kiling'olewa zamani na aliyeking'oa hajulikani. Akatazama nje. Kule chini Kipruto alikuwa amesimama pale pale pake, kofia imeshuka, anatazama viatu. Na kwenye chuma cha balkoni kamba ilikuwa bado imefungwa, kikapu kikining'inia, maana vijana hawakujua kwamba nayo ni mali.

"Fungua hiyo kamba," akamwambia Priscah. "Halafu mwambie Baba Mitchel apande."

"Apande huku? Rachael! Mkwe wako?"

"Mwambie apande kinyumenyume kama anataka. Lakini apande."

Priscah alipiga kelele kutoka balkoni, na ikabidi aseme mara kadhaa kabla Kipruto hajaamini. Kisha wakasikia viatu vyake, ghorofa kwa ghorofa, vikija pole kama mtu anayeingia kanisani katikati ya mahubiri. Vikakoma nje ya mlango.

"Hodi, mama."

"Karibu. Usiingie."

"Siingii."

Rachael akajisukuma na ukuta mpaka mlangoni. Kipruto alikuwa amesimama kidato cha chini yake, amewapa mgongo, kofia kichwani, koti la kijivu mwilini. Mgongo wake ulikuwa mpana. Mabega yamekaa vizuri, fundi akajiambia, hata katika hali ile. Priscah alizungusha kamba kiunoni mwa mwanamume huyo akafunga fundo la kufungia ng'ombe, na Rachael akajiviringishia ncha nyingine mkononi.

"Utatangulia," Rachael akasema. "Mimi nitakuja nyuma. Ukisikia kamba imekaza, simama. Usinitazame."

"Sawa, mama. Na ukianguka?"

"Nikianguka nitakuangukia wewe."

"Hiyo itakuwa ni kugusana," Priscah akasema.

"Hiyo itakuwa ni ajali," Kipruto akasema, akitazama ukuta. "Wazee hawajaniambia kitu kuhusu ajali."

Wakaanza. Rachael alishika chuma kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine, akashusha mguu, akangoja goti limalize kulalamika, akashusha wa pili. Kipruto alishuka kidato kimoja akasimama. Priscah alifuata nyuma na mkoba wa Rachael, akiwatangazia majirani ambao hawakuwepo, "Tunashuka, tunashuka, pisheni." Walipofika ghorofa ya tatu Rachael alikuwa amelowa jasho, na chuma kikaisha. Kuanzia hapo alikuwa na ukuta na ile kamba tu, na mgongo wa kijivu mbele yake.

Walizungumza, maana ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Walizungumza walivyozoea, Mitchel kwanza, halafu mvua.

"Mbolea imepanda tena, mama."

"Nasikia. Shuka."

"Nimeshuka."

Goti la kushoto lilimwacha kidato kimoja kabla ya ghorofa ya pili. Halikumwonya. Alisikia tu kwamba mguu haupo, kamba ikamkata kiganja, akaketi kwa kishindo, na matako yakashuka kidato cha mwisho peke yake. Kipruto alivutwa nyuma, akapanga miguu, akashika pembe ya ukuta kwa mikono miwili na kubaki hapo ameinama mbele. Hakugeuka.

"Mama!"

"Usigeuke!" Rachael alikuwa chini, miguu imenyooka mbele, gauni limepanda magotini, hali ambayo mama mkwe hapaswi kuonekana nayo na mkwe wake hata ndotoni. "Usithubutu!"

"Sigeuki. Umeumia?"

Rachael alikuwa ameona alipoketi. Palikuwa mbele ya mlango ule, kwenye sakafu ile ile walipomlaza Barnaba. Siku hiyo hapakuwa na mtu wa kukaanga kitu, mlango ulikuwa umefungwa kufuli. Aliweka kiganja kwenye saruji na saruji ilikuwa baridi. Machozi yakamjia, akayaacha. Alimlilia Barnaba, akajililia na yeye, kwa sababu alikuwa amechoka na hakuona njia ya kuinuka.

"Baba Mitchel," akasema baadaye.

"Mama."

"Nikisema unibebe, utanibeba?"

Mgongo wa kijivu ulifikiri. "Nitakubeba," ukasema.

"Na heshima?"

"Nitapelekea wazee mbuzi. Watakula, watasamehe. Lakini mama hujasema."

Priscah, kule nyuma, aliuhamishia mkoba wa Rachael bega la pili.

"Sijasema," Rachael akakubali. Akashusha gauni lake. Akaviringisha kamba mara nyingine mkononi, juu ya ile alama nyekundu, akaweka goti zuri chini. "Vuta. Usinikokote. Vuta tu."

Kipruto akavuta, ameinama kama ng'ombe wa kulima, taratibu, bila kushtua. Rachael akaikwea kamba ile ile kwa mikono yake miwili, mikono iliyokuwa imevuta unga na kuku na vitambaa vya watu kwa miaka, na kumbe ilikuwa na nguvu ambazo magoti hayakuwa na habari nazo. Akasimama. Akatikisika, akashika ukuta, akabaki amesimama.

"Shuka," akasema.

Ngazi zilizobaki alizishuka bila kuzungumza na mtu. Kidato cha mwisho kabisa kilikuwa kimevunjika ukingo, akakivuka kwa mguu mzuri, na saruji ya uani ikawa chini ya viatu vyake vyote viwili. Hewa ilinuka mvua na sukuma wiki. Aliinua uso akaiangalia balkoni yake, na ajabu ni kwamba haikuwa mbali hivyo.

Kipruto alikuwa bado amesimama mbele yake, amefungwa kiuno, anatazama gari. Angeanza kutembea, lakini kamba ilikuwa haijaachiliwa.

"Geuka," Rachael akasema.

"Mama, wazee walisema..."

"Wazee hawakushuka ngazi na mimi. Geuka nikuone."

Aligeuka polepole, macho chini, akavua kofia kwa sababu hakujua mikono aifanyie nini. Rachael alikuwa amemtarajia mtu mfupi, mpana. Mtu ukimtazama kutoka ghorofa ya nne ni hivyo anavyokuwa, mabega na kofia. Aliyesimama mbele yake alikuwa mrefu kuliko Barnaba, mrefu hasa, na nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Koti la kijivu lilimwishia juu ya mfuko wa suruali. Mikono ya koti ilikuwa imekata tamaa njiani, mbali na viganja, na vifundo vyake vikubwa vya mkulima vilikuwa nje vyote.

Priscah akageukia kibanda chake na kuanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Hili koti," Rachael akasema. "Umekuwa ukilivaa hivi?"

"Kila nikikuja, mama."

"Watu wanakuona?"

"Wananionanga."

"Kwa nini hukuniambia?"

Kipruto akatazama viatu vyake. "Ulikuwa unaniangalia kutoka juu," akasema. "Nikaona unafurahi. Na mabega limenikaa, mama. Hilo ni kweli."

Tone la kwanza likaanguka kwenye bati la kibanda, likafuatwa na mengine. Rachael aliachilia kamba. Akanyoosha mkono, Kipruto akarudi nyuma nusu hatua kwa woga, lakini mkono ule haukutafuta kiganja chake. Ulishika ncha ya mkono wa koti, ukaikunjua kwa vidole viwili, ukapapasa ndani mpaka ukapata ulichokuwa ukikitafuta. Fundi mzuri hukata kitambaa kwa uangalifu na kuacha kingine kikiwa kimekunjwa ndani, asiijue siku atakayokihitaji.

"Niliacha upindo," akasema, na sauti yake ikawa haikai vizuri. "Uko hapa. Upo wa kutosha. Cherehani ikishawekwa chini, lete hili koti nilishushe."

"Nitalileta, mama."

Hakuachilia mkono wa koti. Akaushika hivyo hivyo, kitambaa tu, wakavuka uani katika mvua, yeye akitembea kwa miguu yake mpaka kwenye mlango wa gari.